Ndagala za Koko Wabiwa

Muhogo uliolowekwa vizuri unanuka. Tusidanganyane: unanuka kama soksi za askari aliyetoka mbali. Wageni wanaokuja hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, kwa kazi zao wakipita nyuma ya nyumba yangu siku ya nne wanaziba pua, na wenye adabu kidogo wanajifanya wanapangusa jasho. Mimi naacha cherehani yangu ya mkono, nachukua fimbo zangu mbili, nasogea mpaka kwenye ndoo, nainama na kuvuta hewa mpaka kifua kinajaa. Ukinikuta hapo utasema huyu mama amerukwa na akili. Sema tu. Muhogo ninaouogopa mimi ni ule usionuka.

Nitawaeleza kwa nini, ninyi peke yenu, maana humu mtaani wanaojua wananyamaza na wasiojua wanadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa na miguu kama yenu, na niliitumia vibaya sana: kupanda miti ya watu, kukimbia kazi, kumpiga mateke kaka yangu Asende, aliyenizidi umri lakini si akili.

Tuliishi katika kijiji kidogo cha vilimani, kando ya barabara inayopanda kutoka Baraka kwenda Fizi. Baba alikuwa marehemu. Mama ndiye aliyelima, akapika, akatuchapa. Mambo makubwa yaliamuliwa na baba mkubwa, kaka ya baba. Nyuma ya nyumba yetu aliishi Koko Wabiwa. Hakuwa ndugu yetu. Kwetu kila bibi mwenye mvi ni koko, na yeye mvi alikuwa nazo za kutosha. Alikuwa amezika mume na watoto wanne, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi na ugoro. Ulimi wake, jamani! Alitukana jogoo, alitukana mvua, alimtukana hata katekista aliyekuja kumwombea.

Mimi nilikuwa namchotea maji, basi akaamua kuwa mimi ni wa kulishwa naye. Kila siku, nikiweka tu kidumu chini, nilisikia sauti yake kutoka jikoni: "Kuya hapa, we kichwa ya jembe! Mama yako alikuzaa ao alikuokota?" Nikiingia, alitia mkono katika chungu kilichoning'inia juu ya moto, akanijazia kiganja ndagala kavu, wale samaki wadogo wa ziwani, wamekaushwa mpaka wanavunjika kwa meno. Chumvi yao ilikuwa inaniwasha midomo. "Kula hapa hapa," alisema. "Usipeleke kwenu, kaka yako atakunyang'anya." Alimjua Asende vizuri.

Mwaka ninaousema, wenye bunduki walikuwa wengi kuliko wenye majembe. Hawa wakishuka, wale wanapanda, na wote wana njaa. Barabara ikafungwa, samaki wakaacha kupanda kutoka Baraka, maharagi yakaisha, mbuzi wakaisha. Ukabaki muhogo. Sasa muhogo wetu ni mchungu, si ule wa kutafuna njiani. Unautia majini siku tatu, nne, mpaka ulainike na utoe ile harufu yake, ndipo unauanika na kuutwanga. Lakini nani angeacha chakula kijitoni siku nne wakati ule? Mama aliacha mara ya kwanza, akakuta shimo la kulowekea tupu na alama za buti. Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu akauloweka jioni, asubuhi akautoa, akausugua, akauanika juani siku moja, tukala.

Bugali ule ulikuwa na uchungu unaobaki kooni. Ukishakula, kichwa kinazunguka. Siku nyingine unatapika. Mama alisema, "Heri uchungu kuliko njaa," na mama wote wa kijiji walifanya kama yeye. Tulikula bugali na sombe, yaani majani ya muhogo, isiyo na mafuta, kesho bugali na chumvi, keshokutwa bugali na mate yetu wenyewe. Mimi tu ndiye niliyekuwa na samaki wangu wa siri, akiba ya chungu cha Koko, na nawaambia ukweli, sikumgawia Asende hata kichwa kimoja.

Asubuhi moja niliamka nikataka kwenda haja, nikaanguka. Nikacheka. Nikainuka, nikaanguka tena. Hakukuwa na maumivu. Magoti yalikuwa yamekakamaa yakigongana, na visigino havikutaka kugusa chini. Mama alidhani nakwepa kazi ya maji, akanifinya paja, na mimi nikapiga kelele za kufinywa, si za ugonjwa. Aliponishika kwapani na kuona miguu inajikunja yenyewe, alinikalisha chini, akamwita baba mkubwa. Wiki hiyo hiyo, Bahati na Sifa, watoto wa upande wa juu wa kijiji, waliamka vilevile.

Watoto watatu kwa wiki moja! Kijiji kizima kilipumua hofu. Baba mkubwa akamwita mwanamke mmoja wa maombi kutoka kijiji kingine, mwenye sifa ya kuona yaliyofichika. Walinikalisha juu ya mkeka katikati ya uwanja, watu wamenizunguka, mchana kweupe. Yule mama wa maombi alikuwa na sauti tamu. Alinishika kidevu.

"Mutoto wangu, mbali na mama yako, nani alikuwa anakupatia chakula?"

Naomba mnielewe hapa. Nilikuwa na miaka minane. Kwa siku kadhaa hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua. Waliniuliza inauma wapi, na hakuna palipouma. Hili nililijua. Nikajibu kwa sauti, kama darasani.

"Koko Wabiwa!"

"Alikuwa anakupatia nini?"

"Ndagala."

"Akikupatia, anasemaka nini?"

"Anasemaka nikule pale pale. Nisipeleke nyumbani."

Nasikia mpaka leo jinsi watu walivyovuta pumzi. Mama alijishika kichwa. Mimi nilitazama huku na huku nikitabasamu, nikidhani nimejibu vizuri. Wazee walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Yale macho mekundu ambayo jana yalikuwa ya moshi, sasa yalikuwa ya uchawi. Wale watoto wanne aliowazika, sasa alikuwa amewala. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa amewalilia mpaka sauti ikakauka.

Hawakungoja jua lishuke. Nilirudishwa mlangoni kwetu, nikalazwa, na kutoka pale niliona moshi ukipanda nyuma ya nyumba yetu, nikasikia vyungu vikivunjwa. Nilifikiria kile chungu cha juu ya moto. Naona aibu kuwaambia, lakini ndicho nilichofikiria: ndagala zangu.

Kisha Koko akapita mbele ya mlango wetu, na kitita cha nguo kichwani. Baba yake Bahati alimrushia jiwe, likampata sikioni, damu ikateremka shingoni. Hakukimbia. Alisimama, akanitazama, akamwambia mama, "Umupake mafuta mu magoti, umunyooshe kila asubuhi. Usimuache alale tu." Mama alimgeuzia mgongo. Basi akashuka na barabara peke yake, na hakutukana mtu. Hilo la kutotukana ndilo lililoniogopesha.

Mnajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilingoja miguu yangu. Waliniambia mchawi akiondoka ugonjwa utaondoka naye, na mimi niliamini. Kila asubuhi Asende, ambaye kumbe alikuwa na moyo, alinishika mikono na kuniuliza, "Leo?" Nilijaribu, nikaanguka, akasema, "Basi kesho." Miezi miwili ikapita hivyo. Kisha mtoto wa nne akaanguka, na Koko Wabiwa hayuko. Mngetegemea watu wajiulize. Hapana. Walianza kumtazama bibi mwingine, wa upande wa kijito.

Mama ndiye aliyefanya kitu kimoja cha akili, ingawa alikifanya bila kukubali. Kila asubuhi, bila kusema ni agizo la nani, alinipaka mawese magotini na kuninyoosha miguu huku nikilia. Polepole nilijifunza kusimama kwa fimbo mbili, natembea kwa ncha za vidole kama ninayenyata kuiba. Bahati na Sifa hawakusimama kamwe. Walitambaa. Sifa alikuwa na vipande vya kandambili alivyovaa mikononi.

Nilipotimiza miaka kumi na minne tulikuwa tumehamia Baraka. Kwenye kituo kimoja cha afya tukakutana na muuguzi kijana, mwenye haraka, aliyeangalia miguu yangu kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuisoma. Hakuniuliza mimi kitu. Alimwuliza mama.

"Mama, mihogo mulikuwa munaiacha mu maji siku ngapi?"

"Moja," mama akasema. "Kulikuwa vita."

"Na samaki? Maharagi?"

"Hapakuwa."

Akaeleza. Muhogo mchungu una sumu, na maji ya siku nyingi ndiyo yanayoitoa. Ukiula haujakomaa majini, wiki baada ya wiki, bila samaki wala maharagi, mwili unakosa nguvu ya kupigana na ile sumu, na siku moja miguu inakamatwa. Ugonjwa una jina, konzo. Hauambukizi, hautumwi na mtu, na miguu iliyokwisha kukamatwa hairudi.

Mama, pale kwenye benchi, akasema kwa sauti ndogo, "Basi ni mimi."

"Si wewe, mama. Ni vita," alisema muuguzi, na nadhani alikuwa amewaambia hivyo mama wengi.

Mimi nilikuwa bado nimeshikwa na lile neno samaki. Nikasema, "Lakini mimi nilikuwa nakula ndagala. Kidogo, kila siku." Akageuka. Akaniuliza kuhusu wenzangu, nikamwambia wanatambaa. Akatazama fimbo zangu, akanitazama mimi.

"Ule mwenye alikuwa anakupatia ndagala," akasema, "pengine ni yeye alikuachia hii miguu kidogo uko nayo. Ni nani? Mumushukuru."

Mama alitoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, kitambaa cha kichwa kimefunika uso wote. Tangu siku ile mpaka alipokufa hakulitaja jina la Koko Wabiwa, na hakula tena ndagala. Ukiziweka mezani, alinyanyuka.

Mimi niliamua kumtafuta. Ilinichukua miaka minne, kwa sababu ya woga zaidi kuliko miguu. Nikasikia kwamba alikuwa ameishia Mboko, kando ya ziwa, kwa binti wa dada yake. Nikapanda pikipiki, fimbo zimefungwa nyuma, kitenge kipya kifuani, na njia nzima nikipanga maneno ya kuomba msamaha. Binti wa dada, Mama Riziki, alikuwa anageuza muhogo kando ya barabara. Nilipojitambulisha aliangalia miguu yangu kwanza. Akanivutia kigoda.

Koko alikuwa amekufa misimu miwili ya mvua iliyopita. Sikio lile lililopigwa jiwe halikusikia tena vizuri mpaka mwisho. Nikatoa kitenge, Mama Riziki akakipokea kwa mikono miwili, na maneno yangu yote yaliyopangwa yakapotea. Nikauliza swali la kijinga, kama aliwahi kunichukia.

"Sijui," akasema. "Hakusemaka juu yako. Lakini nitakuambia kitu. Alikuwa anaita batoto ba jirani mu jiko, anafunga mulango, anabapatia samaki. Mimi nilikuwa namukatalia: koko, hawa batu batakuua. Hasikii. Akimaliza kubapatia, anabaambia: 'Mukule mushibe, lakini musiseme kama ni mimi nilibapatia.' Kila siku. Mupaka siku yenye alishindwa kuamuka."

Nililia pale kando ya barabara mpaka dereva wa pikipiki akaona haya akaenda kununua sigara. Mpaka siku ile nilidhani kosa letu lilikuwa kumfukuza, na kwamba waliomfukuza walikuwa wakubwa. Kumbe aliendelea na kazi yake, na hofu tuliyompa aliifungia ndani pamoja naye, akapika nayo.

Leo mtoto wa jirani akija kwangu namwekea samaki, mlango wazi, na ninapaza sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Mama Zawadi! Mutoto wako anakula kwangu!" Kuna mama mmoja aliyewahi kuja mbio akamnyakua mtoto wake, mdomo umejaa samaki. Kesho yake nilimwita tena mtoto yule, kwa sauti ileile. Wanasema yule kilema wa cherehani anapenda kujionyesha. Ndiyo, najionyesha. Koko Wabiwa alilisha watoto kwa kujificha mpaka akafa, na aliyemfundisha kujificha ni mimi.