Utepe wa Upande wa Magharibi

Siku niliyousogeza utepe naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na mke wangu asisikie. Ilikuwa hapa hapa Xiaobei, Guangzhou, huku huku Uchina, ndani ya godauni hili hili unalotaka tulichukue lote. Nilikuwa kijana kama wewe, nimetoka Kariakoo juzi tu, mjuaji sina mfano.

Utaratibu ulikuwa huu wa leo. Sakafu imegawanywa kwa utepe mwekundu: sisi Watanzania mashariki, Wakongo magharibi, kila mtu anarundika mzigo wake akisubiri kontena. Mkataba hakuna. Tunaheshimu utepe, basi.

Sasa mimi shuleni nilipenda historia. Mwalimu alitufundisha habari za Wamarekani wa zamani, walioamini Mungu mwenyewe amewaandikia nchi yote ya magharibi, mpaka bahari ya pili. Wenzangu darasani walisikitika. Mimi, Mungu anisamehe, nilisisimka! Nilipofika huku nikaona mizigo yetu inaongezeka kila mwezi, nikaanza kuwahubiria wenzangu: "Jamani, sisi ndio tunaokua. Magharibi ni yetu, imeandikwa!" Wakanipigia makofi, na makofi yakanilevya.

Basi siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, laoban, bosi wetu Mchina mwenye godauni, alijilaza kwenye kitanda chake cha kukunja kama kawaida yao. Saa ile hata umwite vipi hakuitikii. Mama Odette, mfanyabiashara wa Lubumbashi, alikuwa ametoka kwenda kula. Nikabandua utepe, nikausogeza hatua kumi kuelekea magharibi. Maboksi yake yaliyokuwa pale nikayatoa nje, barazani. Mahali pake nikapanga mikoba yangu ya ngozi niliyoinunua sokoni Shiling, nikashika kiuno, najiona mkubwa.

Mvua ikaja na upepo, ikapiga baraza lote.

Kumbe ndani ya maboksi yale mlikuwa na madaftari, ya shule aliyokuwa akiiendesha dada yake huko kwao. Kontena linafungwa jioni ile ile saa kumi na moja. Kulisubiri la pili, watoto wangeanza muhula hawana pa kuandikia.

Mama Odette aliporudi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alifungua daftari moja, kurasa zimegandana, akauliza, "Ni nani alitosha mizigo yangu inje?"

Nikajikaza, nikamwaga hotuba yangu: tunakua, magharibi ni yetu, Mungu ameandika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mungu alikuambia lini?" akasema. "Miye namuombaka kila siku, na hajaniambia nihame."

Wale walionipigia makofi wote wakainamia simu zao. Ndipo nikakumbuka maneno ya mwalimu ambayo sikutaka kuyasikia: nchi ile ya magharibi haikuwa tupu. Ilikuwa na watu, na makaburi ya wazee wao. Walifukuzwa, wengi wakafa, na waliowafukuza wakaambiana ni kazi ya Mungu. Nami nilikuwa nimefanya yale yale, tena kwa hatua kumi za sakafu ya kupanga! Niliona aibu, mwanangu, masikio yakawaka moto.

Nikaondoa mikoba yangu kwenye foleni ya kupakia, nikakimbia mtaa wa Yide Lu kutafuta madaftari mengine. Duka la kwanza, "meiyou," hakuna. La pili, meiyou. La nne wakawa nayo madaftari. Nikarudi kwa teksi, maboksi mapajani, mengine hadi kidevuni, na kabla ya saa kumi na moja madaftari mapya yameingia kontenani, mahali pa mikoba yangu. Mikoba ikabaki Guangzhou, na wateja wangu wakanitukana kwa simu mwezi mzima. Utepe niliurudisha mwenyewe, nimepiga magoti, Mama Odette amenisimamia kichwani: "Hapana pale. Songa tena kidogo."

Ndiye yule bibi mwenye miwani unayemwamkia kila asubuhi. Na jina lake ndilo la kwanza kwenye hii karatasi yako ya watu wa kuondolewa.

Kwa hiyo nisikilize. Kukua, kua. Kama nafasi haitutoshi, kesho nitakwenda nawe kutafuta godauni jingine, tutazunguka mpaka tulipate. Lakini siku moyo ukikwambia kwamba mahali fulani umeandikiwa wewe, kwanza tazama nani yupo pale, ukamuulize yeye, usiwaulize wanaokupigia makofi. Karatasi yako naichana, unaona? Maadamu mimi ni hai, utepe huu hausogei.

Mungu akupanulie riziki yako bila kumbana mtu, mwanangu, na akupe jirani wa kukuingizia mzigo ndani mvua ikinyesha nawe hupo. Haya, nenda kamsaidie Mama Odette, leo anapakia.