Siku Niliyowafundisha Wakwe Kilatini

Aibu hii nimemficha hata mke wangu, lakini ninyi nitawaambia, maana huko Uyole wanaisimulia vibaya.

Baba na mama walipofariki niliacha shule darasa la nne nikawalea wadogo zangu hapa Mufindi, kazi yangu ikiwa kuwasha moto asubuhi nyumbani kwa padre Mwitaliano (kazi ndogo, lakini nilivaa viatu). Padre alipenda kuzungumza akiota moto. Siku moja akaniambia kwamba Warumi wa kale waliita jiko, yaani mahali penyewe pa mafiga, focus, kisha lugha zilizozaliwa na Kilatini zikalihamisha neno: Waitaliano fuoco, Wafaransa feu, Wareno fogo, na wote sasa wanamaanisha moto, si jiko tena. Nikalibeba kama urithi.

Ikaja posa ya mdogo wangu Agnesi kutoka Uyole. Baba wa kusema ni mimi, na nilijua wageni wanajiuliza kama yatima hawa wana mtu wa maana. Nikaazima koti la katekista, nikawaketisha jikoni kwa sababu ya baridi, na badala ya kuuliza habari za safari nikasimama, nikaupa moto mgongo, nikaanza: "Wakwe zangu, hapa mlipoketi Warumi wangepaita focus."

Nilipofika kwa Wafaransa, baba wa kijana akamnong'oneza mshenga. Nikafurahi, nikadhani amestaajabu. (Mnajua desturi: mkwe hamsemeshi mwenye nyumba, neno hupitia kwa mshenga, naye mshenga hamkatizi anayesema.) Nikasikia harufu, nikadhani mahindi. Nikaenda nao hadi kwa Wareno, polepole, tena nikirudia kwa faida ya waliokaa nyuma.

Nilipomaliza mshenga akakohoa. "Mwenye nyumba, wakwe wanashukuru kwa mafundisho. Wanasema pia koti linaungua."

"Tangu lini?"

Akawageukia, wakanong'onezana. "Tangu Waitaliano."

Nikakalia beseni la ulanzi, pombe ya mianzi tuliyowaandalia, ikamwagika yote, na nyuma ya ukuta nikamsikia Agnesi, sijui analia au anacheka. Wageni wakanong'ona muda mrefu. Nikajua posa imekwisha.

"Wanasema," mshenga akatamka, "kama binti amevumilia haya kila siku, Uyole hakuna kitakachomshinda. Wanamchukua."

Tangu hapo, kabla sijasimama kusema mbele ya watu, huwaomba kwanza: ukiona chochote nikatize, hata kama wewe ni mkwe wangu.