Kwenda Kumchunguza Mchumba wa Msituni

Mwanamume aliyetaka kumwoa mdogo wangu alikuwa mlinzi wa msitu wa serikali, ng'ambo ya ghuba, juu vilimani, mahali ambapo hakuna mtu wetu aliyewahi kufika. Hilo peke yake lilitosha kututia shaka. Alikuja Mwanza kununua chumvi na sabuni katika duka la Mhindi, akamwona mdogo wangu, akarudi mara ya pili bila haja ya chumvi, kisha akaleta posa. Alitusimulia kwamba kwake, anakoishi na mama yake, kuna ziwa dogo katikati ya vilima, maji baridi, ndege wa kila rangi, na msitu mnene ambao shoka haliruhusiwi kuingia. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, na alipoondoka akasema, "Chema chajiuza." Nusu ya pili ya methali hiyo kila mtu aliijua, hakukuwa na haja ya kuimalizia.

Kwetu ilikuwa desturi: kabla ya kupokea mahari, watu wa binti huenda kuitazama nyumba anayopelekwa. Husemi unakwenda kuchunguza. Unasema unakwenda kusalimia. Alitumwa shangazi, dada yake baba, pamoja na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuolewa Igogo na nilihesabiwa mtu mzima. Shangazi yangu alikuwa hamwamini hata kuku wake mwenyewe. Akikuta yai moja, alitafuta la pili lilipofichwa. Asubuhi ya kuondoka mdogo wangu alinivuta pembeni.

"Dada, nampenda yule mtu. Msije mkaniharibia."

"Kama ni mzuri hataharibika," nikamjibu. Nilikuwa na ulimi wa namna hiyo, na bado ninao.

Tulivuka kwa mtumbwi, kisha tukapanda kwa miguu. Miaka ile Mwingereza alikuwa amewahamisha watu wa upande ule kwa sababu ya malale, kwa hiyo njia nzima ilipita katika mahame. Mafiga yalikuwa bado yamekaa matatu matatu, mawe ya kusagia yamelala kifudifudi, migomba imeota ovyo bila wenyewe. Shangazi alikuwa akivitazama vitu hivyo kama shahidi anayetafuta mshtakiwa.

"Watu wote wameondolewa, yeye na mama yake wameachwa. Kwa nini?"

"Yeye ni mtu wa serikali, shangazi."

"Na mama yake? Naye analipwa mshahara?"

Swali lile liliniingia.

Mpaka wa msitu ulikuwa rundo la mawe yaliyopakwa chokaa. Hapo mchumba alitungoja, kofia kichwani, wavu wa kukamatia mbung'o, inzi waletao malale, mkononi. Akatuamkia shikamoo kwa adabu, tukaitikia marahaba, kisha akatuomba tugeuke. Kazi yake ilikuwa kumfagia kila apitaye, mgongo, miguu na mizigo, ili asipitishe mbung'o hata mmoja. Alitupitishia wavu ule huku ametazama pembeni kwa haya.

"Mkwe gani huyu," shangazi akanong'ona, "anayemwinda mama mkwe kama panzi?"

Ndani ya msitu kulikuwa na baridi na giza la mchana. Wale ndege tulioahidiwa walinyamaza tulipopita. Halafu miti ikaachana, tukaliona ziwa. Mimi nimekulia kando ya ziwa lenye mawimbi, meli na harufu ya samaki. Hili halikuwa na wimbi wala harufu. Maji yalikuwa meusi na yametulia, miti imeinama juu yake pande zote, na ukungu ulikuwa ukitambaa juu polepole. Lilikuwa zuri kweli, na uzuri ule ulinikera, maana nilikuwa nimekuja kutafuta kasoro.

Kasoro ya kwanza aliipata shangazi. Boriti za nyumba yao, pale kando ya ziwa, zilikuwa mpya, zimenyooka.

"Mwanangu, boriti hizi zimetoka wapi, na shoka haliingii?"

"Ni miti iliyoangushwa na upepo, mama. Bwana Miti, mkubwa wangu wa kazi, aliniruhusu."

"Upepo wa huku hodari," akasema shangazi. "Umeikata yote sawasawa."

Mama yake mchumba alitupokea kwa mikono miwili. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na macho yake yalikuwa mekundu. Shangazi alinibana mkono mpaka nikaumia. Usukumani bibi mwenye macho mekundu alikuwa na kesi ya uchawi kabla hajafungua kinywa, na kesi hizo hazikuishia pazuri. Nyumba ilikuwa imejaa moshi wa kuni zilizolowa mvua, hata mimi machozi yalinitoka. Nikajiambia ni moshi. Lakini nilipolala, nililala nimeelekea mlangoni.

Kulipopambazuka bibi yule akatualika twende kuteka maji. Shangazi akasema goti linamuuma, nikaenda mimi. Bibi aliingia majini mpaka magotini, akacheka kwa baridi kama msichana. Nikamuuliza kwa nini anapenda kukaa mahali pa upweke namna hii.

"Huku kuna amani," akasema. "Hakuna jirani."

Mtu asiyetaka jirani! Neno hilo nililitia kibindoni nikampelekee shangazi. Tuliporudi tukamkuta palepale tulipomwacha, ametulia mno kwa mtu ninayemjua mimi.

Tulikunywa uji. Vikombe vilipokwisha kuondolewa, bibi alikwenda pembeni, akaleta chungu kilichofungwa kwa kamba ya mgomba, akakiweka mbele yetu.

"Fundo hili si langu," akasema. "Limefungwa upya tulipokuwa ziwani."

Shangazi akatazama ukuta.

Bibi akakifungua mwenyewe. Ndani mlikuwa na karanga za mbegu, basi. "Tazameni vizuri msije mkasema sikuwaonyesha. Tangu jana mnanitazama macho. Kule chini majirani walinitazama hivyohivyo mpaka siku moja wakaja na fimbo. Watu walipohamishwa walilia, mimi nikashukuru. Mwanangu akanileta huku, hanitazami mtu." Akafunga tena chungu, taratibu. "Binti yenu sina neno naye, mwanangu amemsifu sana. Ila akija yeye, mtakuja na ninyi. Basi asije."

"Mama," mwanawe akasema kutoka mlangoni.

"Nimesema, mwanangu."

Mlinzi yule wa serikali aliinamisha kichwa. Alitusindikiza mpaka kwenye mawe ya chokaa, akatupitishia wavu kwa mara nyingine, mgongo, miguu na mizigo, kama kazi yake ilivyomtaka. Nilimwonea huruma sana, nikashindwa hata kumuaga vizuri.

Tulipofika katikati ya ghuba shangazi akanigeukia.

"Tutasema sisi ndio tuliokataa," akasema. "Binti aliyekataliwa na wakwe, nani atamtaka tena?"

Yalikuwa maneno ya mtu mzima mwenye akili, nikakubali. Lakini nilimtazama alivyokuwa akiyapanga pale mtumbwini, nikashuku kwamba anayelindwa si mdogo wangu peke yake.

Nyumbani baba alikuwa amekaa uani. Mdogo wangu alisimama nyuma yake, ameshika nguzo ya mlango.

"Tumekataa," shangazi akasema hata kabla ya kuketi.

"Kwa nini?" baba akauliza.

"Mama yake ana macho mekundu."

Baba akatema mate chini. "Mungu ametuepusha." Mdogo wangu akaanza kulia bila sauti.

Hasira ilinipanda mpaka nikasahau tulivyopatana. Bibi wa watu alikuwa amekimbia neno hilo mpaka msituni, na sasa shangazi alikuwa analileta Mwanza, ambako kabla ya jioni lingefika mpaka mtaa wa Mkuyuni. "Ni moshi!" nikasema. "Kuni zilikuwa zimelowa. Hata mimi macho yalikuwa mekundu, hata shangazi!"

Hapo mdogo wangu akaacha kulia. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akanitazama mimi, siyo shangazi.

"Kama ni moshi tu, dada, mlikataa nini?"

Nikamgeukia shangazi, maana jibu lilikuwa lake. Shangazi akaomba maji ya kunywa.