Adabu yangu imemtoa mama wa watu mashindanoni

Leo nimemharibia mama wa watu siku yake, na nilidhani namsaidia.

Asubuhi nimetoka mtaani kwetu Hallonbergen kwenda kujitolea kwenye mashindano ya mitumbwi. Kazi yangu kugawa maji, pale mtoni ambapo washindani hushuka na kubeba mitumbwi yao kulizunguka bwawa lililokatiza mto.

Akashuka mama mmoja, umri wa mama yangu, anahangaika kuuinua mtumbwi wake.

Sasa niambieni, nyie mngesimama tu mkimtazama?

"Lete, mama." Nikaubeba mpaka upande wa pili.

Msimamizi akaja mbio. Kumbe anayesaidiwa anatolewa.

Mama kafanya mazoezi mwaka mzima. Akanishika bega. "Hukujua," akasema. Yaani yeye ndiye anayenibembeleza mimi.

Mtumbwi nikaubeba tena, hadi kwenye gari lake.

Safari hii hakuna aliyenikataza.