Napuliza Tarumbeta Nimefichwa Ndani ya Msonge, Sifa Anachukua Mpiga Matoazi

Habari za kazi Admin. Nifichie jina tafadhali, maana watu wa Kasulu tumejaa humu na wengine ni mashemeji zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili. Ni fundi cherehani, lakini jioni na wikiendi napiga kwenye bendi ya matarumbeta ya mtaani kwetu. Tunapiga kwenye harusi, kipaimara, hata misiba. Tarumbeta nilifundishwa kanisani nikiwa binti, na bila kujisifu, kwenye bendi nzima hakuna anayenifikia. Hata mume wangu alinifuata kwa sababu ya hiyo tarumbeta, leo anajifanya hakumbuki.

Mwezi uliopita tulialikwa kupiga kwenye makumbusho ya wazi, pale walipojenga misonge ya nyasi, maghala na zizi, watu wanapita wakiangalia Waha wa zamani walivyoishi. Nilifanya mazoezi wiki tatu mpaka midomo ikavimba, maana wimbo mkubwa ulikuwa na sehemu ndefu ya tarumbeta peke yake, na hiyo ni yangu.

Tunafika, namwona baba mkwe amekaa mstari wa mbele. Kumbe ni mmoja wa wazee walioitwa kutoka Nyakitonto kuja kuezeka ile misonge. Kwa wasiojua, kwetu mkamwana hali mbele ya baba mkwe. Miaka tisa sijatafuna hata karanga akiniona. Sasa nitunishe mashavu na kukodoa macho mbele yake? Mume wangu akanivuta pembeni: "Mama Neema, leo hapana. Baba ataniuliza nimeoa nini."

Mwalimu wa bendi akaleta akili yake. Mimi niingie ndani ya msonge nipulizie humo, halafu Gerevazi, mwenzetu anayepiga matoazi, asimame mlangoni na tarumbeta ya akiba akichezesha vidole. "Wewe puliza tu dada, bendi yote si inajua ni wewe?" Nikakubali. Hapo nilikosea, nakiri. Mle ndani walikuwa wamewasha moto kuwaonyesha wageni jiko la zamani. Nilipuliza moshi umenijaa kifuani, machozi yananitoka, na sikukosea hata noti moja.

Makofi yalivyopigwa, jamani! Nikachungulia. Baba mkwe amesimama, anavua kofia yake na kumvisha Gerevazi. "Ego, ndiyo hivyo, mwanangu! Umepuliza mpaka nyasi zangu zimetikisika!" Gerevazi akapokea kwa mikono miwili, akainama, akashukuru bila aibu. Mume wangu yuko pale pale anapiga makofi.

Nikadhani yataishia hapo. Wapi! Gerevazi anakuja mazoezini na ile kofia, na juzi kanikosoa eti naharakisha. Gerevazi wa matoazi! Nikimwambia mume wangu naumia, ananijibu, "Baba amefurahi, inatosha." Imtoshe nani?

Sasa makumbusho wametuita tena, ni Jumamosi hii. Baba mkwe ametuma salamu kwamba anakuja na wazee wenzake kumsikiliza yule kijana wake. Mwalimu kaniambia niingie tena msongeni, au nikabidhi tarumbeta, kwa kuwa ni mali ya bendi, nianze kumfundisha Gerevazi. Nikamwambia mume wangu safari hii nitasimama nje. Akasema, "Ukifanya hivyo, baba akikukataa mimi sitakutetea." Alisema kwa upole kabisa, na ndicho kilichoniumiza zaidi.

Jana mama mkwe akanipigia simu. Nikajua nasemwa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, najua aliyepuliza ni wewe. Mimi huyo mzee wangu hajui hata kama naimba." Akakata.

Usiku mzima sikulala vizuri. Mzee namheshimu, sina ugomvi naye, na ndoa yangu naipenda. Lakini nikiingia tena kwenye ule msonge naona kabisa sitatoka humo maisha yangu yote, na binti yangu wa miaka saba atakuwepo Jumamosi akiangalia. Nyie mngekuwa mimi, mngepulizia wapi? Niambieni ukweli, msinionee huruma.