Chale Tatu Kifuani

Fomu ya afya iliuliza kama nimewahi kukatwa mwilini nje ya hospitali. Mwingine angeweka hapana akaenda zake kula. Mimi niliandika ndiyo, kisha nikajaza mistari yote minne ya maelezo, rula chini ili maandishi yasipinde: nilipokuwa mchanga nilishikwa na degedege, bibi yangu akanichanja chale tatu kifuani kwa wembe, akapaka dawa.

Nakiri nilijisikia fahari. Ndivyo nilivyo. Mashine za boti nilijifunza mwenyewe pale Mbegani, kwa kufungua na kufunga, na hadi leo nikikaza nati narudi kuikagua mara tatu. Ufundi huo ulinipatia kazi ng'ambo, kwenye karakana ya boti. Mwenye karakana aliahidi kunisubiri hadi mwisho wa Juni. Kilichobaki ni viza, na viza ilitaka cheti cha afya, ambacho hudumu miezi mitatu tu.

Picha ya kifua ilikuwa safi. Damu safi. Wiki sita baadaye ikaja barua pepe ya ofisi ya viza: kwa sababu ya wembe ule, nilete vipimo vya ini na maelezo ya maandishi ya aliyenichanja.

Aliyenichanja anaishi Miono. Nilimkuta anabangua korosho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Mbona umekonda? Wazungu wameanza kukunyima chakula hata hujafika?"

Nilipomweleza alicheka, kisha akaweka korosho chini.

"Wanataka kujua wembe ulikuwa wa nani?"

"Kama ulikuwa mpya."

"Usiku ule macho yako yamegeuka meupe, mvua imekata njia, halafu niende Msata kutafuta wembe mpya?" Akanivuta shati. "Si ungewaambia paka alikuparura? Hata uongo mdogo hujui?"

Sijui. Niliandika maneno yake, akaweka dole gumba, nikatuma jioni ile ile pamoja na vipimo. Ini safi.

Kisha kimya. Kila nilipouliza nilijibiwa sentensi moja, hata nukta haikuhama: ombi lako linashughulikiwa. Miezi mitatu ikaisha cheti kikiwa mezani kwao. Wakaniandikia kwamba cheti changu kimekwisha muda, nikapimwe upya. Changu! Mimi niliyeleta kila karatasi siku ile ile niliyoipata ndiye niliyechelewa. Niliisoma barua ile nimesimama, nikatamani kuwe na dirisha la kugonga na mtu wa kumuuliza nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

Nilirudi kupimwa. Fomu ile ile, swali lile lile. Nilimkumbuka paka. Kalamu ilikaa hewani muda mrefu, kisha nikaandika ndiyo, mistari minne, safari hii bila rula.

Juni ikaisha. Mwenye karakana akatuma ujumbe wa upole: amepata fundi mwingine. Wiki moja baadaye ofisi ikaleta jibu: afya yangu haina tatizo. Viza yenyewe ilikuwa ya kazi ile tu, kazi ambayo haipo tena.

Nilirudi Miono kumwambia bibi kabla hajasikia kwa watu. Aliuliza jambo moja.

"Ni wembe wangu?"

"Hapana, bibi. Wamesema mimi ni mzima."

"Na iliwachukua muda wote huo?" Akasukuma sinia la korosho upande wangu. "Mimi nilijua asubuhi yake."