Papasi wa Nyumba na Papasi wa Shimo

Umande haujakauka, na Mwanarusi Matano amelala kifudifudi mbele ya shimo la ngiri, nyuma ya mashamba ya mihogo ya kijiji cha Majoreni, pwani ya Kenya. Anakomba mchanga kwa kijiko kirefu, anauchekecha juu ya beseni, anasubiri. Punje moja inakunjua miguu.

“Huyo!” anasema, na kumtia papasi chupani.

Ni mwaka 1998. Mwanarusi huwakusanyia watafiti papasi, kupe wanaoleta homa, ili ijulikane ni wa aina moja au zaidi. Kwa macho wote wanafanana. Ndiyo maana Atieno, mtaalamu wa maabara kutoka bara, huchunguza vinasaba vyao, yaani ile asili ambayo kiumbe hurithi kwa wazazi.

Mwanarusi aliwajua papasi tangu utotoni. Nyumba ya bibi yake hapa Majoreni ilikuwa ya udongo, yenye ubaridi hata wakati wa kaskazi, ikinukia moshi na tui la nazi. Watoto walilala sakafuni, juu ya jamvi moja.

“Usingizi kama ule sijaupata tena,” anasema.

Kisha mdogo wake, Swabir, akashikwa na homa ya papasi, ile ya kwenda na kurudi, akafariki. Siku ya matanga, mjomba wao, Rai, alimgeukia baba yao.

“Wewe unayefukua mashimo ya ngiri ndiwe uliyetuletea papasi nguoni!”

Mzee Matano, aliyefukua ili ngiri wasile mihogo yake tu, alifunga virago. Alihamia mjini Kwale, na Majoreni hakuikanyaga tena.

Mwezi uliopita majibu ya kwanza yalitoka. Papasi wa nyufa za nyumba kuukuu na wale wa mashimoni si wa ukoo mmoja. Ni aina mbili: moja itabaki na jina la zamani, nyingine inasubiri lake.

“Kwa hivyo baba hakuwaleta?” Mwanarusi aliuliza.

“Kuhusu wale wa zamani siwezi kuapa, dada,” Atieno alijibu. “Lakini hawa wa nyumbani hawakutoka kwa ngiri.”

Mwanarusi alimweleza mjomba kwanza, kisha akapanda Kwale.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu.”

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akainamisha kichwa. “Rai amesikia haya?”

“Yeye ndiye aliyenituma nije nikuchukue.”

Sasa Mwanarusi anafunga chupa na kujipangusa mchanga magotini.

“Inshallah, Idi hii baba ataswali Majoreni,” anasema. “Kisha sote tutakwenda kumzuru Swabir. Mjomba ameshafyeka njia ya kaburini.”